Mashine ya Boti Inazima Baharini: Maswali ya Wasomaji

Safu ya mwezi huu tumewaachia watu wa baharini. Barua zote zinahusu mashine za kupachika za kuchanganyia oili na petroli, nguvu ya farasi (HP) 15 hadi 40, zenye tangi la kubeba la lita 25. Mwenye mashine ambayo oili yake huwekwa peke yake, haichanganywi na petroli, asifuate vipimo vya oili vilivyomo humu, lakini habari za tangi, mpira wa mafuta na maji zinamhusu vilevile.

*Fundi, habari za kazi. Boti yetu ni ya faiba, mashine ya 40. Asubuhi inawaka kwa kuvuta mara mbili tu. Tukitoka Kunduchi inakimbia vizuri, tukikaribia kisiwa cha Mbudya inaanza kulegea, inapoteza nguvu mpaka inazima. Tukisubiri dakika chache inawaka, tukitoa resi mambo ni yale yale. Plagi tumebadilisha mara mbili. Sasa tumeambiwa kabureta ifunguliwe. Tufungue?*
Nahodha, Kunduchi

Nahodha, kabureta iache kwanza, na plagi za zamani zirudishe kwenye boksi kama akiba. Maelezo yako yameshajibu nusu ya swali. Mashine iliyokosa umeme hukata ghafla, kama redio iliyochomolewa. Iliyokosa mafuta hufifia: inalegea, pengine mlio unapanda kidogo, halafu inashuka na kuzima.

Hiyo ya kupumzika kisha ikawaka ndiyo inayosema zaidi. Chini ya kabureta kuna kibakuli chenye akiba ndogo ya petroli. Mashine za aina hii, resi ikishikwa mwisho, hula takriban nusu lita kwa kila HP moja kwa saa. Ya 40 inakula kama lita 20 kwa saa, yaani theluthi ya lita kila dakika. Kinachoingia kikiwa pungufu ya hapo, akiba ya kibakuli inakwisha na mashine inazima. Mkisimama, kibakuli kinajaa tena polepole, mnadhani imepona. Kwa resi ndogo tatizo halionekani kabisa, ndiyo maana pale ufukweni inaonekana nzima.

Basi mafuta hayapandi ya kutosha, na wa kuulizwa ni pampu ya mkono, kile kipira cha kuminya kilicho katikati ya mpira wa mafuta. Mmoja aendeshe, mwingine akae na kipira mkononi. Mashine ikianza tu kulegea, akihisi kipoje kabla hajakiminya.

Kikiwa kimebonyea, kuta zimenyonywa ndani, kizuizi kiko kati ya kipira na tangi. Fungua kwanza skrubu ya hewa juu ya mfuniko. Ukisikia tangi linavuta pumzi na mashine ikarudi, kazi imekwisha: mtu aliisahau imefungwa, au tundu lake limezibwa na chumvi. Kama siyo hiyo, toa bomba la kunyonyea lililomo ndani ya tangi uangalie wavu wake wa chini. Utakuta uzi wa kitambaa, magamba ya rangi, pengine gamba la samaki. Mwisho ni mpira wenyewe. Mpira uliozeeka huachana tabaka la ndani, likajikunja kama ulimi na kuziba njia mashine ikivuta kwa nguvu. Ukipuliza kwa mdomo kutoka upande wa tangi hewa inapita safi, kwa sababu pumzi yako inaufungua ule ulimi. Kwa nje mpira hauna kasoro. Hapo dawa ni mpira mpya tu.

Kikiwa laini, unaminya na kuminya hakikazi, mpira unavuta upepo au vali za ndani ya kipira zimechoka. Jibu la barua ya pili linaeleza namna ya kujua ni kipi.

Kikiwa kigumu kama jiwe huku mashine inakufa njaa, mafuta yamefika mlangoni na yamekataliwa kuingia. Angalia chujio dogo la kwenye mashine, kisha sindano ya kabureta, ile inayofungua na kufunga njia ya petroli kuingia kwenye kibakuli. Hapa ndipo aliyesema kabureta ifunguliwe atakuwa sahihi.

Ipo hali ya nne inayowapoteza wengi. Kipira kiko kawaida, hakijabonyea wala si jiwe, na mtu akikiminya mfululizo mashine inarudi kwenye nguvu yake yote. Mkono wako unafanya kazi ya pampu ya mashine. Pampu hiyo haina umeme wala mnyororo. Inachezeshwa na msukumo wa hewa ya ndani ya mashine pistoni inapopanda na kushuka. Ndani yake mna diaframu, kipande chembamba kama plastiki ya mfuko. Fungua skrubu za pampu, toa diaframu, inyooshe mbele ya jua. Tundu la ncha ya sindano linatosha kuiharibia kazi, na iliyovutika ikabaki na mawimbi nayo imekwisha. Tundu lina dalili nyingine: petroli inapita moja kwa moja kwenda ndani ya mashine, plagi ya silinda moja inatoka imelowa na moshi unazidi. Nunua seti kamili yenye diaframu na gasketi zake. Kabla hujatenganisha vipande piga picha kwa simu, maana gasketi ikigeuzwa inaziba tundu la msukumo na pampu haitavuta hata tone.

Njia fupi kuliko zote hizi: azima tangi na mpira wake kwenye boti yenye mashine ya kampuni ile ile, kwani konekta za Yamaha na za Suzuki haziingiliani. Ikikimbia mpaka Mbudya na kurudi, mashine yako haina kosa. Ikizima pale pale, tangi na mpira wako havina kosa.

Jambo moja msilichezee. Kwenye mashine hizi oili imo ndani ya petroli. Mafuta yakipungua, na oili imepungua. Kuilazimisha irudi nyumbani kwa resi kubwa huku inalegea ni kuikausha pistoni, na pistoni ikishika mtakuwa mnatafuta injini, si diaframu. Rudini kwa robo ya resi.

*Wahariri, mimi ni mvuvi wa siku nyingi, Kigamboni. Nimenunua mpira mpya mweupe, unaona mafuta ndani, nimefunga na klipu mpya, lakini kipira hakikazi na ndani ya mpira naona mapovu. Petroli haivuji hata tone. Upepo unaingia wapi pasipovuja?*
Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Upande wa tangi mpaka kwenye mashine ni upande wa kunyonya. Mashine ikifanya kazi, mwanya mdogo huingiza hewa badala ya kutoa petroli, kwa hiyo sehemu inaweza kuwa kavu kabisa na bado ndiyo yenye kosa. Mapovu uliyoyaona ni ushahidi mzuri. Sasa ni kuyakamata yanakoingilia.

Chomoa mpira kwenye tangi. Ziba ncha yake kwa kidole gumba, minya kipira mpaka kiwe bapa, kisha kiachie huku kidole kikiwa pale pale. Kinatakiwa kibaki bapa. Kikijaa tena, hewa inaingia kati ya kidole na kipira, au vali ya kutolea inarudisha. Ili kuzitenganisha hizo mbili, rudia, ila kikishakuwa bapa ziba na upande wa mashine kabla hujakiachia. Sasa kikibaki bapa, mpira ni mzima ila vali imekufa, badilisha kipira. Kikiendelea kujaa, ni mwanya. Upande wa kipira kwenda kwenye mashine ni rahisi: rudisha kila kitu, minya kwa nguvu, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Penye povu ndipo.

Mzee, wa kushukiwa kwanza ni oringi ya ndani ya konekta inayoingia kwenye mashine. Ni kipete kidogo cha mpira, kikikauka au kikichanika hakionekani mpaka uinamishe konekta juani na kuchungulia. Wa pili ni klipu. Klipu ya skrubu ikikazwa kupita kiasi huukata mpira laini, na ikiwa kubwa haibani duara lote, inaacha pembe moja wazi.

Na huo mpira mweupe, tunauogopa. Mipira mingi ya kuonyesha inayouzwa madukani ni ya maji. Petroli inauvuta ulaini wake, baada ya muda unakuwa mgumu na wa manjano, unaachia kwenye maungio. Kipande chake cha sentimita 30 ni kipimo kizuri cha kuangalia mapovu kwa siku moja, kisha ukitoe. Mpira wa kudumu uwe mweusi, wa petroli, umeandikwa hivyo ubavuni, na kipenyo cha ndani kiwe sawa na ule uliokuja na mashine. Mwembamba zaidi unaibania mashine ya 40 hata ukiwa mpya.

Mengine madogo: mshale wa kwenye kipira uelekee mashine, na unapominya kisimamishe, mshale ukitazama juu. Vali za ndani hukaa vizuri zaidi hivyo kuliko kikiwa kimelala.

*Fundi, boti ni yangu lakini baharini siendi, wanaenda vijana wangu. Kila siku wanarudi na lugha ya "petroli imechakachuliwa". Nitajuaje kama ni kweli au wananizunguka?*
Mama mwenye boti, Msasani

Dada, uchakachuaji upo, lakini kwenye boti mchawi wa kwanza ni maji. Vyote viwili unaweza kuvipima mwenyewe uani bila kumuuliza mtu.

Maji kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu. Mwambie kijana achote petroli kutoka chini kabisa ya tangi, kwa mpira, siyo ya juu. Iache itulie robo saa kivulini. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na mstari utauona, au yatatembea kama shanga ukiinamisha chupa. Bomba la kunyonyea limefika karibu na sakafu ya tangi, kwa hiyo maji hata yakiwa ya kikombe kimoja ndiyo yanayovutwa, hasa boti ikianza kurushwa na mawimbi. Mashine itawaka vizuri Msasani kwenye maji yaliyotulia, itakufa nje ambako kusi inavuma. Vijana wako huenda wanasema kweli kuhusu dalili, wamekosea jina la ugonjwa tu.

Yanaingia wapi? Kwenye mfuniko uliopoteza gasketi, mvua ikalala juu yake. Kwenye kumimina mafuta baharini huku rasharasha zinaruka. Kwenye dumu lililooshwa na kujazwa kabla halijakauka. Na kuchuja kwa kanga hakusaidii, maji yanapita pamoja na petroli, na nyuzi za kanga zinakwenda kukaa kwenye wavu tuliousema juu. Nunua faneli yenye wavu mwembamba wa chuma, na kama mfuko unaruhusu, chujio la kutenganisha maji, lile la kopo, lifungwe kati ya tangi na mashine. Likishafungwa limwagwe maji yake kabla ya safari, si mpaka mashine izime.

Tangi lenye maji: mimina petroli ya juu taratibu kwenye chombo kingine, lita ya mwisho isirudi. Suuza kwa lita moja safi, kausha. Kisha fungua skrubu ya chini ya kibakuli cha kabureta, kinga kwa chupa, mwaga mpaka itoke petroli tupu. Uchafu huo usimwagwe mchangani wala baharini.

Sasa mafuta ya taa. Kipimo hiki kifanyike kabla oili haijachanganywa, la sivyo kitakudanganya. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa huacha doa la utelezi, ukilishika unalihisi. Ukilipata, hifadhi risiti ya EFD na sampuli ndani ya chupa ya kioo, upeleke malalamiko EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba, yaani alama za kemikali za kuyatambulisha, wakaguzi wana vifaa vya kupima. Ila petroli iliyonunuliwa kwa chupa za maji ufukweni haina risiti, na hapo hutakuwa na wa kumlalamikia.

*Shikamoo fundi. Mimi ni baharia mdogo, Feri. Nahodha wangu anasema oili ikizidi mashine inadumu. Anamimina kwa macho. Moshi mwingi na plagi zinakufa. Kipimo ni kipi?*

Marahaba. Kitabu cha mashine yako ndicho kinachoamua, lakini kwa nyingi za hizi ni lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Hiyo ni mililita 20 kwa kila lita: lita 10 unaweka mililita 200, dumu la 20 mililita 400, tangi la 25 nusu lita kamili. Mashine mpya, saa zake 10 za mwanzo, huwekewa mara mbili ya hapo, lita moja kwa tangi la 25.

Nahodha anamaanisha wema. Oili ikizidi, nafasi ya petroli inapungua ndani ya kila tone linalopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli. Moto unakuwa na petroli pungufu, na oili isiyoungua inakaa kwenye plagi kama lami. Moshi mnaouona ni pesa.

Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya gari ina viungo vya metali vinavyoacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Ile ya pikipiki za kuchanganyia oili ni ya injini zinazopozwa na upepo. Siku ya dharura itawafikisha, isiwe ya kila siku. Namna ya kuchanganya: weka petroli kama lita tano, mimina oili yote, funga, tikisa, ndipo ujaze petroli iliyobaki na kutikisa tena. Ukianza na tangi lililojaa, oili inakaa chini na mashine inaanza safari kwa kunywa oili. Nunua chupa yenye mistari ya mililita, mpelekee nahodha wako kwa heshima.

*Tangi letu lilipasuka. Tumechomeka mpira kwenye dumu la njano la lita 20 na kuziba mdomo kwa kitambaa. Inakwenda, halafu inakata.*
Wavuvi wawili, Kawe

Inakata kwa sababu ncha ya mpira inajibandika kwenye sakafu ya dumu kama ruba, na kitambaa kikilowa kinaziba hewa. Kufika nchi kavu: kata ncha ya mpira mshazari, ifunge kwenye kijiti ili ikae sentimita mbili juu ya sakafu, acha tundu la hewa, funga dumu kwa kamba lisianguke. Baada ya hapo nunueni tangi. Dumu la mafuta ya kupikia halikutengenezwa kwa petroli, na masalia ya mafuta ya kula yanakwenda kugandia kwenye kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya mbao za boti. Jiko la mkaa la kuchemshia chai likiwa humo humo, hatuna cha kuongeza.

*Tukirudi saa sita tunaiacha boti juani. Saa kumi mashine haiwaki, inanuka petroli, plagi zimelowa.*
Mvuvi, Mjimwema

Hii ni kinyume cha zote: mafuta yamepanda kupita kiasi. Mmefunga skrubu ya hewa na mpira mmeuacha umechomekwa. Jua linalipasha tangi, linavimba, presha inaisukuma petroli ipite sindano ya kabureta mpaka kwenye silinda. Mkifika tu, chomoa mpira kwenye mashine. Mkiondoka, fungua skrubu ya hewa kwanza, tangi litoe pumzi, ndipo mchomeke. Kwa leo: chomoa mpira, toa plagi, zifute, vuta kamba mara kumi mashimo ya plagi yakiwa wazi na waya za plagi zikiwa zimegusishwa kwenye chuma cha mashine mbali na mashimo. Rudisha plagi, washa bila choki, kile kibana-hewa cha kuwashia.

Ikitokea hata tangi likiwa limepoa, sindano imechakaa au imekalia mchanga.

*Boti ililala ufukweni miezi miwili ya kusi kali. Sasa inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima. Jeti tuzizibue na waya?*
Ununio

Waya hapana. Jeti ni shaba laini na tundu lake limepimwa. Waya wa chuma ukilipanua kidogo tu, mashine itakula mafuta maisha yake yote. Tumia mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia, ambao nyumba ya mvuvi haikosi. Jeti ya resi ndogo ndiyo iliyoziba, imegandwa na petroli iliyokauka ikawa kama asali iliyochomwa. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta kwa nusu saa, pitisha mshipi, pulizia hewa, tazama juani: duara la mwanga liwe kamili. Petroli iliyobaki kwenye tangi tangu kusi usiitumie.

Kabla hujatoa skrubu ya hewa ya kabureta, ikaze taratibu mpaka mwisho huku ukihesabu raundi, uandike. Mara nyingi ni kati ya moja na mbili. Ukimaliza kusafisha, ikaze mpaka iguse, bila nguvu, kisha irudishe raundi zile zile ulizoandika.